Sanduku la Fundi: IP nne, bandiwithi moja, na bili ya kuumiza kichwa

Mwezi huu sanduku limejaa maswali ya klaudi, tena karibu yote ya watu wa hapa hapa Mombasa wanaowawekea wenzao seva na websaiti. Kwa mgeni wa mambo haya, IP ni anwani ya seva kwenye intaneti, na bandiwithi ni upana wa njia ya data. Wale wa simu zilizoanguka baharini mtangoja toleo lijalo, poleni, na hiyo simu itoeni kwenye mchele haisaidii kitu.

SWALI: Salam aleikum fundi. Mimi ni kijana wa Tudor, nina wateja wadogo wadogo nawawekea sistimu kwenye klaudi. Nina seva nne na kila moja ina IP yake ya nje na bandiwithi yake ya Mbps 5. Moja ni ya hoteli ya Nyali watu wanabuki vyumba, moja ni ya ofisi ya kliaringi karibu na bandari, moja ya shule, na moja ni yangu ya bakapu na majaribio. Jumla nalipia Mbps 20 na bado simu hazikatiki, hoteli yalia, kliaringi yalia, wote wasema iko slo. Nikichungulia seva naona prosesa iko asilimia 8 tu na memori tele. Sasa kwa dashibodi nimeona kuna bandiwithi ya pamoja, wanunua moja halafu watia IP zote ndani. Je nikichukua ya Mbps 10 nikatupa hizi nne si ntakuwa nimekata gharama nusu? Ama ndio ntawaua wateja kabisa?

JAWABU: Waaleikum salam mwanangu. Hiyo prosesa ya asilimia 8 ndiyo imeshakujibu nusu ya swali, seva haina kosa, imekaa tu yangoja data itoke na data haitoki kwa sababu kikomo cha Mbps 5 kimejaa. Fungua ile grafu ya trafiki inayotoka, ukiona kichwa chake kimekatwa sawasawa kama kimepigwa rula, hakuna kilele wala bonde, basi hapo umegonga kikomo. Pakiti zinazozidi klaudi yazitupa, kompyuta ya mteja yaziomba tena, na TCP, yaani ile kanuni ya kusafirisha data, ikiona pakiti zapotea yapunguza mwendo yenyewe, ndio mtu aona ukurasa waja nusu nusu.

Tena wengi wanasahau kuwa Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Gawanya kwa 8. Mbps 5 zako ni kilobaiti 625 kwa sekunde, basi. Ukurasa wa hoteli wenye picha za vyumba na bahari, tuseme megabaiti 3, wachukua kama sekunde 5 kumfikia mtu mmoja akiwa peke yake. Wakija wanne kwa pamoja ni karibu sekunde 20 kila mmoja, na mtalii hangoji sekunde 20, huyo ashafungua hoteli ya Diani. Na wakati huo huo zile Mbps 15 zako nyingine, ambazo wazilipia, zimelala kwenye seva tatu ambazo hazina haja nazo saa hiyo. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo.

Bandiwithi ya pamoja inafanya hivi: ukitia IP ndani ya pakeji, ile bandiwithi yake ya zamani inakufa, yaani haina kikomo chake tena wala hulipii tena ile sehemu, na kikomo kinakuwa kimoja juu ya jumla ya IP zote. Ukichukua ya Mbps 20, hoteli ikiwa na wageni na wengine wamenyamaza, ule ukurasa wa megabaiti 3 watoka kwa sekunde moja na kidogo. Pesa ni za Mbps zile zile ila mteja ahisi umemnunulia seva mpya.

Sasa la Mbps 10. Yategemea saa. Kliaringi wao wana shughuli kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, makaratasi ya makontena, fomu, vitu kama hivyo. Hoteli ya Nyali ikiwa wageni wake ni Wajerumani na Wataliano, wao wanabuki wakishatoka kazini, na saa moja jioni ya Ujerumani ni saa mbili usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, saa tatu wakati wa baridi. Shule haina mtu mpaka siku ya matokeo au ya kutoa ripoti, siku hiyo wazazi wote waingia wakati mmoja. Bakapu zako waweza kuzipanga saa tisa usiku. Yaani vilele vyako havikutani, na hicho ndicho kitu cha pekee kinachofanya kugawana kuwe na faida. Lau ungekuwa na ofisi nne za kliaringi, zote zagongana saa nne asubuhi, ningekwambia usijisumbue, ungebadilisha jina la bili tu.

Lakini usinunue 10 leo. Grafu zako za sasa zakudanganya kidogo, kwa sababu hoteli yaonyesha 5 si kwamba yahitaji 5, ni kwamba haikuruhusiwa kupita. Huwezi kujua njaa ya mtu kwa sahani uliyompimia wewe. Kwa hivyo anza na 20 ya pamoja, ya kulipa kadiri utumiavyo, iache wiki mbili na mwisho wa mwezi uwemo ndani, halafu tia vnstat, programu ya kupima trafiki, kwenye kila seva na uangalie `vnstat -5`, itakupa trafiki ya kila dakika 5. Jumlisha zote nne kwa kila dakika 5, tafuta jumla kubwa kabisa, ongeza akiba kidogo, hiyo ndiyo saizi yako. Huenda ikaja 12, huenda 9, huenda ukagundua ni 17 na ile 10 yako ingekuletea vita. Pakeji ya kulipia mwezi mzima ingia baadaye, kwa sababu hizo mara nyingi kuongeza ni rahisi, kupunguza wangoja mpaka iishe.

Kuna mtego mmoja sikuachi nao. Kampuni kadhaa zinauza Mbps 5 za mwanzo za kila IP kwa bei ya chini, ukipita hapo kila Mbps ni ghali zaidi. Wewe una IP nne zenye Mbps 5 kila moja, yaani zote ziko kwenye ile bei rahisi. Kwa hivyo 20 ya pamoja yaweza kukutoka zaidi ya hizi nne zako za 5. Usidhani, kaa na kikokotoo cha bei cha kampuni yako upige hesabu ya 20, ya 15, na ya 10, uone ni wapi inaanza kukuokolea pesa.

Na bakapu, mwanangu, ikiwa seva zote ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani, zipitishe kwa IP za ndani. Watu wengi sana wanatoa data kwa IP ya nje halafu wairudisha kwa seva iliyo jirani, yaani inazunguka mpaka Changamwe kwenda nyumba ya pili.

SWALI: Fundi mambo, fasta fasta tu. Nina IP mbili Johannesburg na moja Ulaya, naweza kuzitia zote kwenye pakeji moja? Na mbona kwa AWS, klaudi ya Amazon, siioni hiyo pakeji? Wa Bamburi.

JAWABU: Poa. Haiwezekani, pakeji ni ya rijini moja, yaani eneo moja la seva za kampuni, IP za Johannesburg na za Ulaya zinatokea kwenye milango tofauti kabisa ya intaneti na hakuna mahali pa kuzipimia pamoja. Kuna kampuni zinauza huduma ya kuunganisha rijini na rijini lakini hiyo ni bili nyingine, na kwa IP tatu sioni sababu.

AWS huioni kwa sababu wao hawauzi Mbps. Alibaba Cloud, Huawei Cloud na Tencent Cloud ndio wana mazoea ya kukuuzia upana wa njia, ndio maana wana pakeji za kugawana. AWS, Azure na Google Cloud wanakuhesabia kila gigabaiti inayotoka, kwa hivyo hakuna cha kugawana, kila seva yatoa itakavyo na mita yahesabu. Ukitaka kulinganisha, Mbps 5 ikijaa bila kupumzika siku 30 ni GB 1,620. Ikiwa wewe kwa mwezi watoa GB 80 tu, kulipia kwa gigabaiti ni raha, AWS wana GB 100 za mwanzo kila mwezi bila malipo. Ikiwa watiririsha mchana na usiku, nunua upana. Rijini za Afrika Kusini ni za juzi juzi tu, Azure na Huawei walifungua Johannesburg 2019, AWS Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024, kwa hivyo ukisikia mtu asema lazima uweke Ulaya jua asema ya zamani.

SWALI: Asalam aleikum. Mimi nauza leso na madera, duka liko Biashara Street na mtandaoni pia nauza. Kijana alonitengenezea aliniwekea IP mbili, moja ya duka moja ya ukurasa wa mitindo, akaniambia bandiwithi ni ya pamoja usiwe na wasiwasi. Bili ikija ina mistari mitatu, bandiwithi ya pamoja, IP ya kwanza, IP ya pili. Nalipa mara tatu kwa kitu kimoja? Nimeibiwa ama?

JAWABU: Waaleikum salam dadangu. Hujaibiwa, ila kijana hakukueleza vizuri. IP na bandiwithi ni bidhaa mbili. IP ni anwani, ukishaishika ni yako na mwingine hawezi kuitumia, kwa hivyo walipia kuishika hata kama hakuna mtu alopita siku nzima. Bandiwithi ni data ngapi yapita kwa sekunde. Pakeji ya pamoja imeunganisha ile ya pili tu, ile ya kwanza inabaki ikihesabiwa moja moja.

Na hizo anwani zimekuwa ghali kwa sababu zimekwisha. IPv4, zile IP za kawaida, zote duniani ni kama bilioni 4.3, IANA, wale wanaogawa kwa dunia nzima, walitoa mafungu yao ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, RIPE NCC wanaogawa Ulaya na Mashariki ya Kati wakatangaza zimewaishia tarehe 25 Novemba 2019. Kwetu Afrika yagawa AFRINIC, iko Mauritius. AWS tangu tarehe 1 Februari 2024 wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila IPv4 ya nje, itumike isitumike, siku 30 ni dola 3.60. Kwa IP moja si kitu, kwa IP ishirini mtu ahisi, tena dola ikipanda wewe ndiye walipa kwa shilingi.

Sasa swali langu kwako, hiyo ya pili yahitajika kweli? Duka na ukurasa wa mitindo vyaweza kukaa nyuma ya IP moja. Kijana wako atie nginx mbele, programu ya kupokea wageni wa websaiti, brauza ya mteja ikigonga yataja jina la websaiti inayoitaka, na nginx yapeleka kwa seva inayohusika. Hata ile kufuli ya usalama yafanya kazi hivyo hivyo, majina kumi kwa IP moja, na cheti cha Let's Encrypt ni cha bure. Mimi naona IP mbalimbali kwa mambo machache: seva ya barua pepe, kwa sababu IP ikishapata jina baya barua zako zaenda kwa takataka. Huduma ya malipo inayotaka kuiandikisha IP yako kabla ya kukufungulia. Na mteja asiyetaka kuchanganywa na mwingine, huyo mpe yake na umtoze.

Ila ukiamua kuirudisha, mwambie asiirudishe kwanza. Abadilishe rekodi za DNS, yaani ile orodha inayounganisha jina la websaiti na IP, zielekee IP inayobaki, angoje siku mbili tatu, ahakikishe hakuna anayeingia kwa ile ya zamani, ndipo aiachilie. IP ukishaiachilia kesho yaweza kuwa ya mtu mwingine, na kama jina la duka lako bado laelekeza hapo basi wateja wako waingia kwa mgeni.

SWALI: Fundi mimi nshachoka. Nina seva tano ndani ya pakeji moja ya Mbps 20, ilikuwa shwari miezi mingi. Sasa mteja mmoja ni mpiga video za harusi, ameweka video watu wadaunlodi, moja ni GB 2. Harusi ikipita tu wikendi, Jumatatu wateja wangu wengine wote wazimika, hata mimi kuingia kwa seva nishindwe, nabonyeza herufi yatokea baada ya nusu dakika. Nimfukuze? Mtwapa.

JAWABU: Usimfukuze, alipa huyo. Tatizo ni kwamba mmekaa sinia moja la biriani na hukumwambia mtu ale upande wake, mwenye mkono mwepesi amemaliza nyama na wengine wabaki na wali. Pakeji haijui nani ni nani, yahesabu jumla tu, anayevuta kwa nguvu ndiye apata.

Hebu ona hesabu yenyewe. Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Video ya GB 2 ni sekunde 800, dakika 13 na ushee, pakeji nzima ikiwa yamtumikia mtu mmoja peke yake na hakuna mwingine apumua. Na harusi ya huku haina mtazamaji mmoja, kuna shangazi Muscat, binamu London, wale wa Toronto wakiamka saa zao, kila mmoja ataka yake na wengine wafungua mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikatika. Hapo wengine watangoja mpaka lini?

Dawa ya haraka ni kuweka kikomo cha juu kwa IP yake ndani ya pakeji, kampuni nyingi zinaruhusu, kama yako hairuhusu basi fanya kwa seva yenyewe, Linux ina `tc` ya kupunguza mwendo wa kutoka. Mpe 8. Wengine pia waekee vikomo, si yeye tu, tuseme 12 kila mmoja, na usitishike kwamba ukijumlisha yazidi 20, ndivyo inavyotakiwa, ukigawa 4 kwa 4 kwa 4 utakuwa umerudi kule kule kwa bandiwithi za peke yake. Unachotaka ni asiwepo mmoja anayeweza kuila yote peke yake.

Dawa ya kudumu ni kuzitoa video kwenye seva. Ziweke kwenye hifadhi ya mafaili ya klaudi, mwenye kudaunlodi avute moja kwa moja kutoka huko bila kupita kwa IP zako. Huko utahesabiwa kwa gigabaiti, na hiyo gharama mpe yeye kwenye bei ya harusi, wapiga video wanajua kutoza wale.

Na hilo la kushindwa kuingia kwa seva, weka IP moja ndogo nje ya pakeji kwa ajili yako tu, hata ya Mbps 1, iunganishe na seva moja, na kutoka hapo ingia kwa nyingine kwa mtandao wa ndani. Siku mambo yakichafuka utakuwa na njia. Hiyo njia pia itakufaa seva moja ikidukuliwa ikaanza kutapika trafiki, pakeji itajaa vile vile na hutojua ni nani mpaka uingie ndani.

SWALI: Mheshimiwa fundi, mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya Ganjoni. Vijana wa kompyuta wametuletea mapendekezo mawili ya bandiwithi ya pamoja, moja ni bei moja kwa mwezi, nyingine imeandikwa malipo kwa asilimia 95. Wao wasema hiyo ya pili ni rahisi, nikiwauliza ni asilimia 95 ya nini waangaliana. Naomba ufafanuzi kabla sijatia sahihi.

JAWABU: Mhasibu umefanya vizuri kutotia sahihi. Si asilimia 95 ya bei, ni namna ya kupima matumizi. Kila dakika 5 wanapima pakeji yenu ilikuwa ikitumia Mbps ngapi. Siku 30 ni vipimo 8,640. Mwisho wa mwezi wanavipanga kuanzia kikubwa mpaka kidogo, wanatupa asilimia 5 ya juu, ambayo ni vipimo 432, na kile kinachofuata ndicho mnacholipia. Vipimo 432 vya dakika 5 ni masaa 36. Yaani kwa mwezi mna masaa 36 ya kulipuka mtakavyo na hayaingii kwa bili. Kampuni nyingine zinapima kivyao, kwa siku badala ya mwezi, au zina kiwango cha chini ambacho lazima mlipe hata msipotumia, kwa hivyo hesabu hii ilinganishe na maandishi ya mkataba wenyewe.

Ikiwa kazi yenu ni ya utulivu, Mbps 6 au 7, halafu mara moja kwa wiki kuna masaa mawili matatu ya vurugu yapanda mpaka 60, vijana wako wako sawa, mtalipia kama 7. Ila hesabu masaa yenu ya kazi. Ofisi inayofanya kazi masaa 9 kwa siku, siku 22, ni masaa 198 kwa mwezi. Kama kilele ni masaa mawili tu kila siku ya kazi, hayo ni 44, yameshapita 36, na hapo kile kilele ndicho mtakacholipia mwezi mzima, hata usiku na Jumapili ambapo hakuna mtu. Tofauti ya dakika 20 za kila siku yaweza kubadilisha bili yote, ndio maana mimi siwaamini wanaosema hii ni rahisi kuliko ile bila kuonyesha grafu ya dakika 5.

Jambo la pili ni mashambulizi, au seva iliyodukuliwa. Likija la siku mbili, masaa 48, bili yenu yapimwa kwa trafiki ya mwizi. Waulize vijana hivi: kikomo cha juu cha pakeji ni Mbps ngapi, na kwa kikomo hicho bili kubwa kabisa yaweza kuwa dola ngapi. Wakikupa namba, na namba hiyo ofisi yaweza kuibeba mwezi mmoja mbaya, tia sahihi. Wakiangaliana tena, chukua ile ya bei moja.